Anwani moja, watazamaji watatu: kisa cha draiva ya PCIe iliyohama kutoka x86 kwenda arm64

Hiki ni kisa cha draiva moja ya Linux iliyofanya kazi miaka minne kwenye mashine za x86 (prosesa za Intel na AMD) bila tatizo lolote la kutaja, afu siku ilipopelekwa kwenye bodi ya arm64 (prosesa za ARM za biti 64) ikavunjika sehemu nne, moja baada ya nyingine. Nakiandika chote na namba zake, maana nimeona watu wengi wanakutana na sehemu moja tu kati ya hizi, wanaiziba, mashine inatulia kidogo, wanaondoka, na zile tatu zilizobaki zinakuja kumlipukia mtu mwingine kabisa.

Kadi yenyewe ni ya kukusanya sampuli. Inakaa kwenye PCIe, yaani njia (basi) ya kuunganisha kadi na kompyuta, ina dirisha moja la rejista, BAR0 ya 64 KB, rejista ziko mwanzoni na kwenye ofseti 0x8000 kuna jedwali dogo la 1 KB lililo ndani ya kadi yenyewe. Kazi yake ni kusoma ishara, kutengeneza sampuli za baiti 4, kuzimwaga moja kwa moja kwenye RAM kwa DMA, yaani bila kupitia prosesa, kuandika namba ya mahali ilipofikia, na kupiga intarapti. Draiva inaipa bafa 16 za 64 KB kila moja. Rejista za kupokea anwani za bafa ni za biti 32 tu, na hilo likumbuke, litarudi.

Jinsi draiva ilivyoandikwa mwanzo ilikuwa hivi: chukua bafa kwa kmalloc, ipitishe kwenye virt_to_phys ipate anwani yake halisi ya RAM, kata biti 32 za chini, ziandike kwenye rejista, basi. Kwenye zile mashine za x86 zenye RAM ya 2 GB na IOMMU imezimwa hii ilikuwa sahihi kwa matokeo, yaani anwani anayoiona prosesa kwenye RAM na ile inayoonwa na kadi kwenye basi zilikuwa namba ile ile, kila bafa ilikuwa chini ya 4 GB, na kache ya prosesa (memori yake ndogo ya haraka inayoshika nakala za RAM) ilikuwa inajua yenyewe kila kadi ikiandika RAM. Mambo matatu hayo hakuna aliyeyaomba wala kuyaandika popote, jukwaa liliyatoa tu, na draiva ikayategemea yote matatu kimyakimya.

Sasa bodi mpya. RAM yake haianzii sifuri, inaanzia 0x80000000. Ipo ya aina mbili, moja ina 2 GB na nyingine 8 GB, na hiyo ya 8 ina 2 GB za kwanza kuanzia 0x80000000 na 6 zilizobaki ziko juu huko kuanzia 0x880000000. Daraja la PCIe halifuatilii kache ya prosesa.

Kitu cha kwanza, modprobe, amri ya kupakia draiva, haikumaliza hata kupakia. Kerneli ikatupa kosa la kufikia anwani pepe, na kwenye logi kulikuwa na ESR = 0x96000061, namba ya prosesa inayoeleza aina ya kosa. Ukiifungua hiyo namba, biti sita za mwisho ni 0x21, maana yake kosa la mpangilio wa anwani, na biti iliyo juu yake inasema ilikuwa ni kuandika. Mwenzangu alipoiona akaniambia kaka, hii BAR haijaramaniwa vizuri, na tukapoteza muda tukikagua ioremap, ile inayoipa kerneli pointa ya kuifikia BAR, ambayo haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye mstari unaofuta lile jedwali la kadi, memset(bar + 0x8000, 0, 1024), mstari mdogo ambao ukiupitia kwa macho huoni kitu.

Kinachotokea ni hiki. Kwenye arm64 ioremap inakupa ramani ya aina ya kifaa, ambayo ina sheria kali: huruhusiwi kusoma au kuandika neno lisilokaa kwenye mpaka wake, na huruhusiwi kabisa kutumia ile amri ya DC ZVA inayofuta kipande kizima cha memori kwa mpigo. Na memset ya kerneli ya arm64, ukiiambia iandike sifuri kwenye eneo kubwa kiasi, ndiyo hiyo hiyo amri inayotumia, kwa sababu yenyewe iliandikwa kwa ajili ya RAM ya kawaida na kwenye RAM ya kawaida ni ya haraka sana. x86 haina sheria hiyo, memset juu ya BAR inapita tu. Dawa ni memset_io, na kwa kunakili ni memcpy_toio na memcpy_fromio. Dakika mbili za kurekebisha.

Ila kilichoniuma ni kwamba kerneli ilikuwa tayari na njia ya kutuambia miaka minne nyuma. Pointa inayotoka kwenye ioremap ina alama ya __iomem, na ukijenga kwa make C=1 kile kikaguzi kinachoitwa sparse kinapiga kelele kila mahali alama hiyo inapopotea. Kwenye draiva hii kulikuwa na kasti za (void *) saba, kila moja ni mahali ambapo mtu alifuta alama ili aendelee na kazi, na sparse haikuwahi kuendeshwa hata mara moja. Tukaziondoa zote saba kabla ya kwenda mbele, na mbili kati ya hizo zilikuwa bagi za aina hii hii zilizokuwa zinangoja zamu yake.

Haya, modprobe ikapita. Tukawasha kadi, rejista zinasomeka, nambari ya toleo inarudi sawa, tukaanzisha ukusanyaji. Kimya. Bafa zote zina sifuri na ile namba ya mahali ilipofikia haisogei. Kadi yenyewe ukiiuliza inasema imeshatuma. Tukaangalia kwa lspci -vv, amri inayoonyesha hali ya vifaa vya PCIe, kwenye daraja la juu tukakuta UnsupReq+, yaani daraja lilipokea ombi la kuandika kwenye anwani isiyoijua likalitupa. Na kwa kuwa maandishi ya PCIe hayana jibu la kurudi, kadi haina namna ya kujua kwamba data yake imetupwa.

Tulikuwa tumeiambia kadi iandike 0x9A340000. Hiyo ni anwani halisi ya bafa, haina kosa, ukimuuliza prosesa atakuonyesha bafa iko hapo hapo. Lakini kadi haiko upande wa prosesa. Kadi iko kwenye basi, na kwenye basi ya bodi hii RAM inaanzia sifuri, kwa hiyo bafa ile ile kwa kadi iko 0x1A340000. Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo, maana kisa chote kiko hapa: anwani bila kusema ni ya nani haijakamilika. Kuna ile anayoiona msimbo wa kerneli kupitia MMU (kitafsiri cha anwani pepe ndani ya prosesa), kuna ile anayoitoa prosesa kwenda kwenye RAM, na kuna ile anayoitumia kifaa kwenye basi. Ni namba tatu. Kwenye x86 ya zamani mbili za mwisho zinalingana, na kulingana kwake ndiko kunakofanya watu waamini ni kitu kimoja.

Anayetaka kuona hili bila kununua kadi yoyote aangalie Raspberry Pi. Karatasi ya chipu inasema rejista za GPIO ziko 0x7E200000, hiyo ni anwani ya basi. Prosesa wa Pi ya kwanza anaziona 0x20200000. Pi 2 ilipotoka 2015 zikahamia 0x3F200000, na kwenye Pi 4 ziko 0xFE200000. Programu nyingi zilizokuwa zimeandika 0x20200000 moja kwa moja kwenye msimbo zilikufa siku ya kwanza kwenye Pi 2, wakati rejista zenyewe, biti kwa biti, hazikuwa zimebadilika.

Turudi. Tukafanya kile ambacho kila mtu angefanya saa tatu usiku: tukatoa 0x80000000 kwenye anwani kabla ya kuiandika kwenye rejista, ndani ya #ifdef CONFIG_ARM64, yaani mistari inayojengwa kwenye arm64 tu. Kwenye bodi ya 2 GB sampuli zikaingia papo hapo. Nilisema hapana, hii haiendi kwenye tawi kuu, na nilibishiwa kwa sababu ya kueleweka tu, kwamba inafanya kazi na bodi inatakiwa.

Kesho yake ikajaribiwa kwenye bodi ya 8 GB. Sampuli hazikuingia, na baada ya muda mfupi programu zisizohusiana kabisa na kadi zikaanza kufa, halafu kerneli nayo ikaanguka. Ukifuata hesabu unaona wazi. kmalloc kwenye mashine hiyo inapenda kutoa memori ya juu, tuseme bafa iko 0x89A340000. Draiva inakata biti 32 za chini, inabaki 0x9A340000. Inatoa 0x80000000, inabaki 0x1A340000. Kadi inaandika hapo kwa utii kabisa, daraja linakubali maana anwani iko ndani ya dirisha lake, na sampuli zinatua kwenye 0x9A340000 ambayo ni memori ya mtu mwingine. Bila IOMMU hakuna mlinzi yeyote katikati. Kwenye bodi ya 2 GB kosa lile lile lilikuwepo, lakini hakukuwa na anwani ya juu ya kulifichua, na hiyo ndiyo sababu siamini kipimo kilichofanywa kwenye bodi moja tu.

Njia ya haki ni kutokuhesabu wewe. Ile habari ya 0x80000000 haikai kwenye draiva, inakaa kwenye maelezo ya bodi, kwenye mti wa vifaa, mstari wa dma-ranges chini ya daraja la PCIe, na kerneli inausoma ikianza. Draiva inatakiwa kusema mambo mawili tu: mimi naweza biti 32, kwa dma_set_mask_and_coherent na DMA_BIT_MASK(32), afu hii hapa bafa yangu nipe anwani ya kumpa kifaa, kwa dma_map_single. Kinachorudi ni dma_addr_t, unakikagua kwa dma_mapping_error, unamkabidhi kifaa, na hukifanyii hesabu yoyote wala hukirudishi kuwa pointa. Bafa ikiwa juu ambako kadi haifiki, kerneli inaweka bafa ya kati huko chini, hiyo inaitwa swiotlb, inakopi yenyewe. Kwa kawaida swiotlb ina 64 MB kwa mfumo mzima na ramani moja haiwezi kuzidi 256 KB, kwa hiyo bafa zetu za 64 KB zilipona, mwenye bafa ya 1 MB angepata kosa, na kama hakagui dma_mapping_error angempa kifaa takataka.

Tukabadilisha. Bodi ya 8 GB ikaacha kuanguka. Lakini bafa 12 au 13 kati ya 16 zikawa sifuri tupu, na zinabadilika kila ukibuti, na zile zinazopata data zina data yenye madoa.

Madoa haya ndiyo yalikuwa sehemu ngumu. Kadi ina hali ya majaribio ambayo badala ya ishara inatuma namba zinazopanda, 0, 1, 2, 3 na kuendelea, kwa hiyo ukisoma bafa unajua kabisa kila nafasi ilitakiwa iwe na nini. Sehemu kubwa ilikuwa sawa, afu ghafla sampuli 16 zina namba za mzunguko uliopita, afu sawa tena. Daima 16, au 32, hukuti 15 wala 17. Na mwanzo wa kila doa anwani inaishia na 0x00, 0x40, 0x80 au 0xC0. Sampuli 16 za baiti 4 ni baiti 64, na baiti 64 ni laini moja ya kache. Ukiona data mbovu inayoanza na kuisha kwenye mipaka ya baiti 64 acha kushuku kadi, acha kushuku waya, nenda kwenye kache moja kwa moja.

Draiva ilikuwa inaita dma_map_single mara moja ikianza, na kuanzia hapo inasoma bafa kama memori yake ya kawaida. Ile ramani siyo tafsiri ya anwani tu, ni makabidhiano. Ukishaita dma_map_single bafa ni ya kifaa, prosesa haina haki ya kuisoma mpaka uite dma_sync_single_for_cpu, na ukimaliza kusoma unairudisha kwa dma_sync_single_for_device. Kwenye x86 iliyokuwa inafuatilia kache makabidhiano hayo yalikuwa hayafanyi kitu chochote cha kuonekana, kwa hiyo ukiyasahau hakuna anayejua. Kwenye bodi hii ndiyo yanayotupa laini za zamani kutoka kwenye kache, na ndiyo yanayokopi kutoka swiotlb kuja kwenye bafa yako. Zile bafa za sifuri na yale madoa, dalili mbili zisizofanana kabisa, zilikuwa kukosekana kwa mstari mmoja.

Mtu aliniuliza, mbona laini za zamani zinaingia kwenye kache wakati draiva haigusi bafa mpaka intarapti ije? Swali zuri. Prosesa wa kisasa anabahatisha mbele, anavuta laini ambazo anahisi utazihitaji, na bafa iliyo jirani na unayoisoma inavutwa bila wewe kuandika mstari wowote. Ndiyo maana kusafisha kache kabla ya kuanza DMA peke yake hakutoshi, lazima na baada, na dma_sync_single_for_cpu inalijua hilo.

Ile namba ya mahali kadi ilipofikia nayo ilikuwa na ugonjwa wake. Ilikuwa imewekwa ndani ya struct ya draiva, pembeni ya kaunta ambayo draiva inaiongeza kila intarapti. Zote mbili kwenye laini moja ya kache. Prosesa anaongeza kaunta, laini inachafuka kwenye kache, kadi inaandika namba mpya kwenye RAM, baadaye laini iliyochafuka inashushwa RAM na inafunika namba mpya kwa ya zamani. Namba inarudi nyuma. Hakuna sync inayoweza kuponya hili kwa uhakika, pande mbili zinaandika laini moja. Tukaitoa kwenye struct tukaipa dma_alloc_coherent yake. Kwa nini tusifanye hivyo na bafa zote? Kwa sababu kwenye bodi isiyofuatilia kache memori hiyo haiwekwi kwenye kache kabisa, na kusoma 64 KB za sampuli kutoka hapo neno kwa neno kunachelewa sana. Neno moja la hali, sawa. Mzigo mzima, hapana.

Mambo ya mpangilio nitapita haraka. Mtu alikuwa ameandika rejista ya kuamsha kadi kwa pointa ya volatile badala ya writel. x86 inatunza mpangilio wa maandishi, arm64 haiahidi, kwa hiyo kadi ilikuwa inaweza kuamshwa kabla maelezo ya kazi hayajafika RAM. writel ina kizuizi ndani yake, na pia inatunza mpangilio wa baiti ikitokea prosesa anapanga baiti kinyume (big-endian). Upande wa kusoma tukaweka dma_rmb, kizuizi cha kusoma, kati ya kusoma namba ya hali na kusoma kilicho nyuma yake.

Na programu ya mtumiaji. Ilikuwa inaita mmap, ile ya kuramani memori ya draiva kwa mtumiaji, na ofseti 4096 imeandikwa kwa mkono, na kerneli ya bodi ilijengwa na peji (vipande vya kugawia memori) za 64 KB, kwa hiyo EINVAL, kosa la hoja batili. Ndani ya draiva nako kulikuwa na mtu anayesogeza anwani biti 12 badala ya PAGE_SHIFT. arm64 inaruhusu peji za 4, 16 au 64 KB, unauliza kwa sysconf(_SC_PAGESIZE). Lile neno la hali tukalipeleka kwa mtumiaji kwa dma_mmap_coherent, siyo remap_pfn_range, maana ramani mbili za memori moja, moja yenye kache na nyingine bila, zinarudisha madoa yale yale kwa mlango wa nyuma.

Draiva iliyotoka haina #ifdef ya jukwaa hata moja na ni fupi kuliko ile ya mwanzo. Tukaijenga na CONFIG_DMA_API_DEBUG, kikaguzi cha kerneli cha matumizi ya DMA, tukaiendesha kwanza kwenye x86 ya zamani, na hapo ikatuonyesha unmap moja yenye ukubwa tofauti na map yake, ambayo arm64 haikuwa imetuonyesha.

Baadaye ikaja bodi ya tatu, arm64 pia, hii ina SMMU, yaani IOMMU ya ARM, kati ya kadi na RAM. Hakuna aliyegusa msimbo. Anwani ya bafa ya kwanza kwenye logi ilikuwa 0xfffe0000, namba ambayo haifanani na kipande chochote cha RAM ya bodi hiyo, sampuli zikapanda 0, 1, 2, 3 mpaka mwisho wa bafa ya 16, na tukaacha jaribio liendelee usiku kucha.